Hendibreki si Pambo

Aliyepata kusimama gatini wakati gari zinapopakiwa katika meli bila shaka ameliona jambo hili. Gari inasimama juu ya ngazi ya chuma ikingoja zamu yake. Dereva anatia gia kwenye herufi P, anaondoa mguu katika breki, na gari inarudi nyuma kiasi cha vidole vitatu, kisha inakwama kwa mshindo. Dereva hashtuki. Ameuzoea mlio huo, na pengine anauhesabu kuwa ndiyo ishara ya gari kufungwa barabara. Hendibreki iko ubavuni mwake, wala hakuigusa.

Leo tunakusudia kuuzungumza mshindo huo mdogo. Huenda msomaji akastaajabu kwamba tumeacha mambo makubwa ya nchi tukashika habari ya mkono wa breki. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Katika visiwa, ambako barabara nyingi huishia pwani na gari hupanda meli kama mizigo mingine, gari iliyoegeshwa vibaya si khatari ya ukuta wa jirani peke yake. Ni khatari ya roho za watu.

Sababu ya kulisema jambo hili sasa ni kuongezeka kwa gari za haibridi, yaani zile zinazokwenda kwa injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Toyota Prius, iliyotangulia katika aina hii kuuzwa kwa wingi, ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Disemba, 1997. Ndugu yake mdogo, Aqua, alifuata Disemba, 2011. Gari hizo, zikiwa zimekwisha kutumika huko kwao, huletwa kwetu na kununuliwa na watumishi, wafanyabiashara na wenye teksi, kwa kuwa mafuta ni ghali na haibridi hula kidogo. Hilo ni jambo la busara, na hatuna la kulipinga. Neno letu ni kwamba gari imefika lakini mafunzo yake hayakufika. Kitabu chake kimeandikwa Kijapani, na mnunuzi hukitupa katika droo ya gari asikifungue tena.

P NI KOMEO, SI BREKI

Yafaa kwanza ieleweke herufi P hufanya nini. Ndani ya giaboksi mna gurudumu lenye meno mapana, lililoungana na shafti zinazozungusha tairi. Kando yake pana kipande cha chuma kigumu, mfano wa ulimi wa kitasa. Dereva akitia P, ulimi huo huangukia baina ya jino na jino, na gurudumu halizunguki tena. Ni hayo tu. Hakuna breki inayobana wala tairi inayoshikwa yenyewe. Ni komeo limetiwa mlangoni.

Sasa, ulimi na pengo havikutani daima mara moja. Mara nyingi ulimi huangukia juu ya kichwa cha jino, ukangoja. Dereva anapoachia breki ya mguu, gari husogea kidogo mpaka pengo lifike, na hapo ulimi huzama. Ule ndio mshindo tuliousikia gatini. Tangu wakati huo, ikiwa mahali ni mteremko, uzito wa gari ya tani moja na zaidi unaegemea kipande kimoja cha chuma kinachoweza kukaa katika kiganja cha mkono. Shafti nazo zimejisokota kidogo kwa kuvutwa. Asubuhi, dereva anapotoa P, ulimi huchomoka kwa nguvu, na ule msokoto wote huachiliwa kwa dharuba moja. Gari hutikisika, na gia huwa nzito kutoka.

Katika gari za haibridi za mtindo wa Prius kuna jambo jingine la kuzingatia. Giaboksi yake si kama ya otomatiki ya zamani. Humo injini na mota mbili za umeme zimeunganishwa kwa seti ya gia zinazozungukana kama sayari zinavyolizunguka jua. Mota kubwa imeungana na tairi wakati wote. Haina klachi ya kuitenga. Basi dharuba inayotoka kwenye tairi hupita katika shafti, ikaingia katika difu, ikafika kwenye meno ya gia na kwenye ulimi wa P. Vyote hivyo vimo katika kasha moja pamoja na mota. Fundi anayetaka kuufikia ulimi huo hana budi kulishusha na kulifungua kasha zima.

HESABU YA UCHAKAVU

Hatupendi kumtisha msomaji kwa maneno yasiyo na kipimo. Chuma cha ulimi wa P kimefanywa kigumu makusudi, na gari iliyoegeshwa mahali pa sawasawa haiuumizi. Mwenye kuegesha kila siku katika uwanja tambarare anaweza kumaliza miaka mingi bila kuona dosari yoyote. Anayesema kwamba kila siku bila hendibreki ni siku moja imeondolewa katika umri wa giaboksi anazidisha chumvi.

Lakini uchakavu una milango yake. Wa kwanza ni mteremko wa kila siku: nyumba iliyo kilimani, njia ya kuteremkia bandarini, ngazi ya meli. Wa pili ni pupa, yaani kutia P kabla gari haijasimama kabisa, ulimi ukagonga-gonga juu ya meno yanayozunguka na kulika pembe zake. Wa tatu ni kugongwa: gari nyingine ikiisukuma ile iliyoegeshwa, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, dharuba yote huangukia ulimi na meno. Wa nne, unaotuhusu zaidi sisi watu wa visiwani, ni mawimbi. Gari iliyo melini kwa P peke yake hucheza mbele na nyuma katika nafasi ndogo iliyopo baina ya ulimi na jino, saa nzima au saa kadhaa. Mipira inayoshikilia injini na viungo vya shafti hushiriki katika mateso hayo.

Sasa tulinganishe. Hendibreki katika gari hizi hushika tairi za nyuma kwa viatu au vipande vya breki vinavyovutwa kwa waya. Vikichakaa, fundi wa mtaani hufungua tairi na kuvibadili. Tena, breki inayobana tairi iliyosimama haichakai, kwa maana hakuna msuguano pale ambapo hakuna mwendo. Kinachochakaza hendibreki ni kwenda nayo ikiwa imevutwa. Na kwa kuwa mota ya umeme ina nguvu nyingi tangu mzunguko wa kwanza, dereva wa haibridi anaweza kuondoka nayo asitambue, asipoitazama taa nyekundu. Basi mwenye akili auweke mzigo wapi? Auweke juu ya kitu rahisi, au juu ya kitu ghali? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pana na sababu iliyo kubwa kuliko gharama. Gari nyingi za aina hii huvutwa na tairi za mbele, na P hushika tairi hizo kupitia difu. Kazi ya difu ni kuruhusu tairi moja izunguke tofauti na mwenzake. Kwa hiyo, tairi moja ya mbele ikiinuliwa kwa jeki, au ikikaa juu ya mwani na utelezi, inaweza kuzunguka upande mmoja na ile ya pili ikazunguka upande wa pili, na gari ikaondoka hali P imo! Wangapi wamejiingiza chini ya gari wakiitegemea herufi hiyo? Hendibreki hushika tairi za nyuma, kila moja peke yake. Ndiyo maana viwili hivi vimewekwa pamoja, kimoja kisaidie pale kingine kinaposhindwa. Nahodha hafungi jahazi kwa kamba moja akaenda zake kulala.

YALIYOTOKEA KWA WENGINE

Haya si mambo ya kubuni mezani. Nchini Marekani, gari za Ford za tangu 1966 hadi 1980 zililalamikiwa na maelfu ya watu kwamba zilitoka katika P zenyewe zikarudi nyuma, na watu wakafa. Mwaka 1980 kampuni na serikali waliafikiana kwamba wenye gari zipatazo milioni 23 wapelekewe vibandiko vya kubandika mbele ya dereva. Maagizo yake yalikuwa mepesi: hakikisha P imeingia, tia hendibreki, zima injini. Wengi walisema dawa hiyo ilikuwa ndogo kuliko maradhi. Hata hivyo, kumbukumbu inabaki kwamba taifa zima lilikumbushwa jambo ambalo kila dereva alidhani analijua.

Miaka 36 baadaye mkasa ulirudi kwa sura mpya. Tarehe 19 Juni, 2016, mwigizaji wa sinema Anton Yelchin aliuawa na gari yake mwenyewe, aina ya Jeep Grand Cherokee, iliyoteremka katika njia ya nyumbani kwake huko Los Angeles na kumbana. Aina hiyo ya gari ilikuwa imekwisha kutangazwa mwezi wa Aprili mwaka huohuo kuwa irudishwe kutengenezwa, pamoja na nyingine, jumla yake zaidi ya milioni moja. Mkono wake wa gia ulikuwa ukirudi katikati kila unapoachiwa, na baadhi ya madereva walishuka wakidhani wametia P kumbe hawakutia. Msomaji mwenye Prius atazame mkono wa gia wa gari yake. Nao hurudi katikati, na P ni kitufe cha kubonyeza. Hatusemi kwamba Prius ina ila hiyo. Tunasema kwamba mkono wa namna hiyo haumwambii dereva gia iko wapi. Sharti atazame herufi inayowaka mbele yake.

Wala hendibreki yenyewe si kitu cha kuaminiwa bila kukaguliwa. Mwezi wa Oktoba, 2016, Toyota iliziita Prius za mtindo wa nne zipatazo 340,000 duniani, nyingi zikiwa Japani kwenyewe, kwa sababu waya wa hendibreki uliweza kuchomoka mahali pake na breki isishike. Dawa yake ilikuwa kibanio kidogo cha kuuzuia waya. Gari za miaka hiyo ndizo zinazofika sasa katika masoko ya mitumba. Je, kila moja ilitiwa kibanio chake kabla ya kupakiwa meli kuja huku?

Na karibu zaidi na kwetu, katika kisiwa ndugu cha Mombasa, tarehe 29 Septemba, 2019, gari ilirudi nyuma kutoka katika kivuko cha Likoni, ikapita ngazi ya kivuko na kutumbukia katika mkondo. Mama na binti yake mdogo waliokuwamo walifariki. Wazamiaji walihangaika mpaka tarehe 11 Oktoba ndipo gari ilipoopolewa. Gari ile haikuwa ya haibridi, wala hatuitaji habari hiyo ili kumhukumu marehemu. Tunaitaja kwa kuwa kila anayevuka maji ndani ya gari yumo katika hali ileile: gari imesimama, nyuma yake pana ngazi, na nyuma ya ngazi pana bahari.

UKIMYA NA CHUMVI

Haibridi ina tabia mbili za kuogopwa. Ya kwanza ni ukimya. Gari ya kawaida ikiwa hai, injini hunguruma na mtoto huisikia. Haibridi inaweza kusimama bila sauti, injini imelala, na bado ikawa tayari kwenda. Dalili pekee ni taa ndogo yenye neno READY. Dereva aliyeshuka kununua samaki akaiacha hivyo ameacha punda asiyefungwa. Na isidhaniwe kwamba kumkanyagia mafuta kidogo ili asimame mlimani ni hodari wa udereva: kuishikilia haibridi kwenye mteremko kwa pedali ya mafuta hupasha mota yake joto bure. Breki imewekwa kwa kazi hiyo.

Tabia ya pili si ya gari bali ya hewa yetu. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Waya wa hendibreki usiovutwa mwaka mzima hushika kutu ndani ya ala yake. Siku utakapohitajiwa, ama hautavutika, ama utavutika usirudi. Kwa hiyo anayesema haitumii hendibreki ili aitunze, huiua kwa kuihurumia. Wako pia wanaosema kwamba hata Wajapani wenyewe huegesha kwa P tu. Maneno hayo yana asili yake: katika sehemu zenye baridi kali, madereva hushauriwa wasivute hendibreki wakati wa majira ya baridi, isije ikagandishwa na barafu. Sisi barafu yetu iko katika majokofu. Atakayesafiri na kuiacha gari miezi mingi, huyo peke yake ana udhuru: aiegeshe mahali tambarare, atie P na kabari za magurudumu.

UTARATIBU WENYEWE

Kuegesha kunataka nukta chache tu. Simamisha gari kwa breki ya mguu, na mguu usiondoke. Vuta hendibreki, au ikanyage ikiwa ni ya pedali kama katika Prius nyingi, au inua swichi yake ikiwa ni ya umeme. Tia N, kisha legeza breki ya mguu polepole ili gari ilale juu ya hendibreki. Ikisogea, ujue hendibreki imechoka. Kanyaga breki ya mguu upesi na uipeleke kwa fundi. Ikitulia, kanyaga tena, tia P, zima, na hakikisha neno READY limetoweka kabla hujafungua mlango.

Kuondoka ni kinyume chake. Kanyaga breki ya mguu, washa, toa P kwanza hali hendibreki bado imeshika, kisha ndipo uiachie. Ukifuata utaratibu huu, ule mshindo hutausikia tena, kwa sababu ulimi wa P utakuwa umekaa mahali pake bila kubeba mzigo. Mwenye kubadili tairi azidishe jiwe au kabari kwenye tairi ya upande wa pili, na asijitie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake.

WITO KWA WAHUSIKA

Wananchi wana wajibu wao, na Serikali ina wake. Kwanza, wakaguzi wa gari waipime hendibreki peke yake, bila P, wala wasitosheke kuona kwamba mkono unavutika. Kanuni ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za gari ndogo inataka hendibreki iishikilie gari iliyobeba mzigo wake kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani kupanda mita moja kwa kila mita tano. Kipimo hicho ni kizuri, na hakihitaji mtambo wa fahari. Mteremko mmoja uliojengwa sawasawa katika kiwanja cha ukaguzi unatosha.

Pili, skuli za udereva zifundishe gari zilizopo barabarani, si zile zilizokuwapo zamani. Mwanafunzi aulizwe neno READY maana yake nini, na P hushika tairi zipi. Tatu, waagizaji wa gari watakiwe kuonyesha, kwa namba ya chesisi, kwamba gari haidaiwi matengenezo ambayo kiwanda kilikwisha kuyatangaza. Tunasema hivyo bila ya kuwadhania ubaya, kwani hata wao wangefurahi kuuza kitu salama.

Nne, wakuu wa bandari na wa vyombo vya baharini wasimamie kwamba hakuna gari itakayoachwa melini bila hendibreki na kabari. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilitoa mwongozo tangu 1985 kuhusu kufunga gari melini, na kutia hendibreki ni miongoni mwa mambo yake. Tano, madereva wa gari za Serikali wawe mfano. Gari ya umma inayoguta kwa mshindo kila inapoegeshwa mbele ya ofisi ni mali ya wananchi inayotafunwa polepole, na gharama yake italipwa na wananchi haohao.

Yote haya hayahitaji fedha za kigeni wala wataalamu kutoka nje. Yanahitaji mkono mmoja unyooke na kuvuta kitu ambacho tayari kimo ndani ya gari. Watengenezaji hawakukiweka pale kwa pambo. Na baharia wa pwani hii, ambaye hakusoma habari za difu wala za meno ya gia, angetuelewa kwa neno moja: chombo hakiachwi mpaka nanga imeuma.